Mboga ya Moto Mkali: Historia Iliyomo Jikoni Mang'ula

 

Leo hatutazungumza habari za masultani wala za vita. Tutazungumza habari za mboga ya majani, ile inayowekwa pembeni mwa sahani ya wali au ugali, ambayo mtu akiikosa hunung'unika na akiipata hasemi neno. Labda mmoja wenu atauliza, "Je, mboga nayo ina historia?" Inayo. Na katika mji mdogo wa Mang'ula, bonde la Kilombero, historia hiyo yaweza kusomwa wazi kuliko mahali pengi, kwa mtu anayejua kutazama jiko.

Tuanze na maneno. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: kuchemsha, kukaanga, kubabua, kuunguza. Someni wote kwa sauti.

Kuchemsha ni kupika kwa maji. Kukaanga ni kupika kwa mafuta. Kubabua ni kukipitisha kitu katika moto mkali mpaka ncha zake zikashika weusi kidogo, lakini ndani kikabaki na maji yake na rangi yake. Kuunguza sina haja ya kueleza. Kila nyumba inakujua. Kati ya kubabua na kuunguza pana muda mfupi tu, kama wa kuhesabu moja hadi ishirini, na mpishi hodari ni yule anayejua kuhesabu. Mboga ya somo letu ni ya kubabua.

Sasa swali. Kwa nini mboga moja hukaa motoni saa nzima, na nyingine dakika nne tu? Wengi watajibu, "Ni desturi yetu." Jibu hilo si baya, lakini ni fupi mno. Desturi nayo ina wazazi. Mama anapoteleka mboga, anatazama kuni alizonazo, anatazama muda alionao, na anatazama jani lenyewe lina tabia gani. Mambo hayo yakibadilika, upishi nao hubadilika, hata kama hakuna aliyeketi akaamua kuubadili. Mang'ula yalibadilika yote katika maisha ya mtu mmoja.

Kama darasani mna ramani ya Tanzania, itazameni. Tafuteni Morogoro, kisha fuateni barabara kuu mpaka Mikumi. Hapo barabara inagawanyika. Ninyi shikeni ile iendayo Kidatu na Ifakara. Mkivuka mto Ruaha Mkuu pale Kidatu mnaingia katika mashamba ya miwa. Upande wa kulia mnauona ukuta wa milima ya Udzungwa, yenye misitu minene. Upande wa kushoto ardhi ni tambarare, mpaka mto Kilombero na mbuga zake za mpunga. Mkipita Sanje mnafika Mang'ula. Mji umeegemea milima na unalitazama bonde. Vijito vinashuka kutoka msituni, na vingi havikauki hata wakati wa kiangazi. Vikumbukeni vijito hivyo, maana jani laini halioti pasipo maji.

Wenyeji wa bonde hilo tangu zamani ni Wandamba, ambao ni wavuvi na wakulima wa mpunga, pamoja na Wambunga, Wapogoro na wengine. Katika siku hizo mboga ya majani haikuwa kitu cha kupandwa katika bustani. Mchicha, mlenda, mnavu na mchunga viliota vyenyewe kando ya mashamba mara mvua zilipoanza. Majani ya kunde yalichumwa katika mmea uliopandwa kwa ajili ya kunde, na majani ya maboga katika mmea uliopandwa kwa ajili ya maboga. Jani lilikuwa nyongeza, kama vile mtu anunuaye kitu sokoni akaongezewa kidogo juu yake. Mengine yalianikwa juani yakawekwa akiba ya kiangazi.

Halafu yako majani ya muhogo, yaani kisamvu, na ya viazi vitamu, yaani matembele. Hayo ni wageni wa zamani. Muhogo na kiazi kitamu asili yake ni bara la Amerika, na muhogo uliletwa Afrika na mabaharia Wareno tangu karne ya 16. Kwa hiyo mtu akisema kwamba kisamvu kimeliwa na mababu tangu dunia iumbwe, mwambieni kwa upole kwamba babu wa babu zake wa mbali hawakukijua. Wageni hukaa, wakawa wenyeji. Tutaliona jambo hilo tena baadaye.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu ni jambo la uhai. Jani la muhogo lina sumu ndani yake, iitwayo sianidi. Mama anapolitwanga kinuni mpaka likalainika kabisa, kisha akalichemsha muda mrefu, sumu hiyo hutoka na kupotea pamoja na mvuke. Akina mama waliokianzisha kisamvu hawakuwa na maabara wala vitabu vya kemia. Walitazama, walionja, waliwaona walioumwa na wasioumwa, wakapata kanuni iliyo sahihi. Basi nikisifu leo mboga ya haraka, msidhani ninaicheka ile ya polepole. Kisamvu hakibabuliwi! Mwanakisomo atakayesahau mengine yote ya somo hili, hilo asilisahau.

Mboga za namna hiyo ziliwezekana kwa sababu kuni zilikuwa karibu. Msitu ulikuwa nyuma ya nyumba. Mafiga matatu, gogo moja lililosukumwa polepole kadiri linavyoungua, na chungu chenye karanga au nazi kikitokota tangu alasiri hata magharibi. Mama alikuwa akifanya kazi nyingine huku chungu kikijifanyia kazi yake. Si uvivu huo, ni akili ya kutumia kilichopo.

Kisha ikaja reli.

Tarehe 11 Novemba 1965 Wazungu wachache waliotawala Rhodesia ya Kusini, nchi iitwayo sasa Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao bila ridhaa ya Waafrika walio wengi. Jirani yao Zambia, iliyopata uhuru wake mwaka uliotangulia, ilikuwa ikisafirisha shaba yake kwa reli zilizopita huko kusini. Ni sawa na mtu ambaye mlango wa nyumba yake unafunguliwa na ufunguo ulio mfukoni mwa adui. Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda wakatafuta njia ya kuifikia bahari kwa upande wa Dar es Salaam. Nchi za Magharibi zilisema reli hiyo haitalipa. Uchina ilikubali kuijenga, kwa mkopo usio na riba. Mkataba ulitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967, jiwe la msingi likawekwa mwezi Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Urefu wake ni kilometa 1,860, toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Jina lake ni TAZARA, na wengi waliiita Reli ya Uhuru. Wazee wengine husema gari moshi, ingawa injini zake zilikuwa za dizeli tangu siku ya kwanza.

Kipande cha Dar es Salaam hadi Mlimba, kiasi cha kilometa 500, kilimalizika mwishoni mwa mwaka 1971. Kipande hicho kilipita katika bonde la Kilombero, na Mang'ula ikawa moja ya kambi kuu za ujenzi. Karakana kubwa ilijengwa hapo, ya kutengeneza mitambo na vifaa vya reli. Baada ya Mlimba kulikuwa na kazi ngumu kuliko zote, kupanda milima kwenda Makambako kwa mahandaki na madaraja, na mahitaji ya kazi hiyo yalipita Mang'ula.

Fikirini basi mahali palipokuwa na vijiji vidogo na mashamba. Wanakuja vijana wa kila kabila, kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao bila mama wala mke wa kuwapikia. Kazi ilikwenda kwa zamu, mchana na usiku, kwa taa. Hapo ndipo saa ilipoingia jikoni. Mtu aliyezoea kula mboga ilipoiva, sasa ilimpasa kula zamu iliporuhusu. Mfanyakazi mwenye nusu saa hawezi kungojea kisamvu.

Wachina nao walikuja kwa maelfu. Walikaa katika kambi zao na kupika katika majiko yao wenyewe, na kwa kawaida kila mmoja alikaa kiasi cha miaka miwili kabla ya kurudi kwao. Kando ya kambi walilima bustani za mboga. Mtu aliye mbali na nyumbani huweza kuvumilia mambo mengi, lakini chakula cha kwao humvuta sana, na jani ndilo rahisi kuliko vyote kulileta: mbegu za bustani nzima zaenea katika mfuko wa shati.

Watu hao hawakuja kutembea. Zaidi ya 60 miongoni mwao walifariki katika kazi ile, na wengi wamelala katika makaburi yaliyoko Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Waafrika nao walipoteza maisha yao kwa ajili ya reli ile ile.

Upishi wa Wachina wa kila siku hautofautiani na historia yao. Sehemu nyingi za Uchina misitu ilikwisha karne nyingi zilizopita. Wakulima walipikia mabua ya mpunga na ya ngano, majani makavu na vijiti. Moto wa mabua huwaka kwa nguvu, kisha hufa upesi. Mpishi mwenye moto wa namna hiyo hana budi kukata kila kitu vipande vidogo mapema, kuviweka tayari mkononi, na kumaliza kupika kabla moto haujamwacha. Kwa hiyo chombo chao ni kikaango cha chuma chembamba chenye kitako cha mviringo, ambacho hushika moto mara moja. Jani likitupwa humo hulia, huruka, hubabuka kidogo kingoni, na huondolewa likiwa bado la kijani.

Sisi tunacho chombo cha umbo hilo hilo, nacho ni karai. Neno karai tulilipata kwa Wahindi, nalo hapa kwetu limeajiriwa kazi mbili: kukaanga mihogo na sambusa, na kubebea zege. Wakati wa ujenzi wa reli, bila shaka karai za zege zilikuwa nyingi kuliko za sambusa. (Ninawaomba, msikaangie karai iliyokwisha beba saruji, hata kama imesuguliwa ikang'aa.)

Sasa tulifikie jani lenyewe. Nendeni soko lo lote la Tanzania, Kariakoo au Ifakara, mtaona fungu la mboga yenye shina nene jeupe na majani mapana laini. Ukimwuliza mwuzaji atakuambia, "Hiyo chainizi." Andikeni neno hilo. Maana yake ni ya Kichina. Mboga hii ni ndugu wa kabichi, lakini haifungi kichwa. Tangu kupandwa mbegu hadi kuchumwa ni kiasi cha mwezi mmoja na nusu, au chini ya hapo, ikipata maji. Sisemi kwamba kila mbegu ya chainizi nchini ilitoka katika kambi za reli. Mbegu hupita njia nyingi, na wauzaji wa mbegu nao wana maduka yao. Ninachosema ni kwamba watu hawakulipa jani hili jina la mfalme wala la mto. Walilipa jina la watu waliowaona wakilima na kula majani ya namna hiyo.

Wala nisieleweke kwamba mama wa Mang'ula alifundishwa kukaanga na Wachina. Kukaanga alikujua. Kilichobadilika ni mambo yaliyomzunguka.

Mwaka 1973 serikali iliagiza kwamba ifikapo mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wamehamia katika vijiji. Katika Kilombero familia nyingi zilizokuwa zikikaa mbalimbali zikaja kukaa karibu na barabara na reli. Mashamba yakawa mbali na nyumba, na mboga zilizojiotea kando ya mashamba zikawa mbali pia. Bustani ndogo karibu na kijito ikawa na thamani isiyokuwa nayo zamani. Tena pakawa na wanunuzi: wafanyakazi wa karakana, wafanyakazi wa sukari kule Kidatu, wasafiri wa reli. Jani likaacha kuwa nyongeza, likawa zao, na fedha yake mara nyingi iliingia mkononi mwa mama.

Badiliko la mwisho lilihusu kuni, na hilo ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1992 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye kilometa za mraba 1,990, na makao yake yakawekwa Mang'ula. Msitu uliokuwa nyuma ya nyumba ukawa na mpaka na askari. Kwa miaka kadhaa wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku maalumu ya juma kuokota kuni zilizoanguka. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikakoma.

Uzito wa jambo hilo uliangukia vichwa vya akina mama, nao ndio wanaochukua kuni kwa vichwa. Wako waliopanda miti yao, wako wanaonunua mkaa, na wako wanaotumia pumba za mpunga, ambazo bonde hili linazo nyingi. Lakini msitu ule ndio unaotunza vijito, na vijito ndivyo vinavyonywesha bustani ya chainizi na majaruba ya mpunga. Mama yule yule anayenyimwa kuni ndiye anayepata maji. Hesabu hiyo haitoki sawasawa, na mtu akiwaambia kwamba ni hesabu rahisi, mwulizeni nyumbani kwake nani hutafuta kuni.

Basi mtazameni mama huyo leo. Kuni zake ni haba, muda wake ni mfupi, na jani alilonalo ni laini lisilo na sumu. Anapika kwa nini? Kwa moto mkali wa dakika chache, sawasawa na mkulima wa Uchina mwenye konzi ya mabua. Hawa wawili hawakukubaliana wala hawakuonana. Ukosefu wa kuni umewafikisha mahali pamoja.

Sasa tupike. Twaeni mafungu mawili ya chainizi. Yatawatosha watu wanne. Oshani vizuri, maana mchanga wa kijitoni hujificha katika shina. Kisha yakung'uteni maji na kuyakausha majani kwa kitambaa safi, au yatandazeni juu ya ungo kwa muda. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Jani lenye maji likiingia katika karai huchemka, halibabuki, nanyi mtapata mchuzi badala ya mboga. Yakishakauka, tenganisheni mashina na majani. Mashina yakateni vipande vya urefu wa kidole; majani yakateni mara mbili tu, msiyakatekate kama ya mlenda.

Washeni moto wenye nguvu. Vijiti vikavu vinafaa kuliko gogo. Wekeni karai ya chuma tupu, bila mafuta, mpaka tone la maji likianguka humo liruke na kutoweka mara moja. Sufuria nyembamba ya bati haifai sana, kwa kuwa huunguza mahali pamoja na kuacha pengine. Tieni vijiko viwili vya mafuta, yazungusheni, halafu tieni mashina yote. Msikoroge! Hesabuni mpaka thelathini. Upande wa chini utakuwa umeshika madoa ya kahawia na nyeusi. Geuzeni, hesabuni tena thelathini. Sasa tieni punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, na papo hapo majani, mkiyabana kwa mwiko yaguse chuma. Yatalia sana, na moshi kidogo utapanda. Hesabuni ishirini, geuzeni, hesabuni ishirini nyingine, nyunyizeni chumvi, ondoeni motoni. Nyanya msitie, maana maji yake yatauzima ubabuzi wote. Kamulieni ndimu baada ya kupakua.

Njia hii yafaa pia kwa matembele machanga, kwa mchicha ulio mchanga, na kwa bamia zilizopasuliwa kati kwa urefu, ambazo zikibabuliwa hupunguza utelezi wake. Tena mboga isiyokaa motoni muda mrefu, na ambayo maji yake hayamwagwi, hubaki na vitamini C iliyo zaidi. Kisamvu, narudia tena, ni cha kinu na chungu.

Kazi yenu kabla ya somo lijalo ni hii. Mwendeeni mzee mmoja, bibi au babu, aliyekuwa mtu mzima kabla ya mwaka 1970. Mpeni shikamoo, kisha mwulizeni mboga gani zililiwa nyumbani kwao wakati wa masika, na zilipikwa kwa muda gani. Andikeni majina hayo katika madaftari yenu, kila jina mstari wake, na mbele ya kila jina andikeni kama mnaliona bado sokoni. Majina msiyoyajua mwulizeni ayatamke polepole, herufi kwa herufi, nanyi myaandike kama anavyoyatamka yeye.